Kupanda Ndege na Mashine ya Oksijeni ya Kubebeka: Maandalizi ya Kuanzia Nyumbani Hadi Unapofika

Mama yangu anaishi na ugonjwa sugu wa mapafu, na kwa miaka kadhaa sasa hatoki nyumbani bila mrija wa puani. Nimesafiri naye kwa ndege zaidi ya mara moja. Kila safari imenionyesha jambo lilelile: angani oksijeni yako ni ile uliyopanda nayo, na kama hukuihesabu ukiwa chini, huko juu huna pa kuipata. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu wiki na siku za kabla ya safari.

Kwanza uelewe kwa nini ndege inamsumbua mgonjwa wa mapafu. Ndege inaporuka juu sana, ndani husukumwa hewa ili watu waweze kupumua, lakini msukumo wake haufikii ule wa ardhini. Hali ya ndani inaruhusiwa kufanana na ya mtu aliye juu ya mlima wa mita 2,400 hivi, yaani futi 8,000. Ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 zina nafuu kidogo, kwa kuwa hali yake ni kama ya mita 1,800. Hewa yenyewe bado ina asilimia 21 ya oksijeni, ila kwa sababu imekuwa nyepesi, kila pumzi inakupa kama ile ya hewa yenye asilimia 15 ukiwa usawa wa bahari. Mwenye mapafu mazima anashuka kidogo kwenye kipimo cha kidoleni, kile kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, wala hajui. Mtu ambaye nyumbani, ameketi tu, tayari yuko 91, hana nafasi ya kushuka.

Jambo la pili ni mashine yenyewe. Watu wengi hudhani kuna oksijeni imehifadhiwa ndani yake. Hakuna. Inavuta hewa ya pale ulipo, inaibana na kuipitisha kwenye punje za madini yaitwayo zeolaiti, ambazo hunasa naitrojeni. Kinachobaki ni oksijeni ya asilimia 90 hivi, nayo ndiyo inayokwenda mrijani. Kwa sababu hiyo ndege huiruhusu, huku mtungi wako wa nyumbani ukikataliwa na mashirika mengi, na oksijeni ya kimiminika ikiwa marufuku kabisa. Na kwa sababu hiyohiyo, betri ikiisha, oksijeni imeisha palepale.

Hatua ya 1: Muone daktari mapema, ukiwa na mashine yako mkononi

Usingoje wiki ya safari. Mimi huanza mwezi mmoja kabla, kwa kuwa kipimo kikihitajika nafasi haipatikani kesho yake. Kipo kipimo cha hospitali ambapo unavutishwa hewa ya asilimia 15 ya oksijeni kwa dakika 20 hivi huku wakiangalia oksijeni ya damu yako inashuka hadi wapi. Si kila mtu anakihitaji, wala si kila hospitali inacho, lakini kiulizie. Mwambie daktari pia kama hivi karibuni ulilazwa, ulipata nimonia, au ulifanyiwa upasuaji wa kifua. Mtu ambaye pafu limesinyaa kwa hewa kuingia kifuani hapaswi kuruka mpaka daktari aseme limepona na muda wa kutosha umepita.

Hapa pana kosa ambalo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba nataka kulikalia kidogo. Mashine kubwa ya nyumbani hupimwa kwa lita: ukiiweka 2, inatoa lita 2 kila dakika, mfululizo, uvute usivute. Mashine nyingi ndogo za safari hazifanyi hivyo. Zinasubiri uanze kuvuta pumzi, ndipo zinaachia mpulizo mfupi, kisha zinanyamaza mpaka pumzi inayofuata. Namba zilizo kwenye kioo chake, 1, 2, 3 na kuendelea, si lita. Ni ngazi tu za ukubwa wa mpulizo, na ngazi ya 2 ya kampuni moja si sawa na ngazi ya 2 ya kampuni nyingine. Kwa hiyo mtu aliyezoea lita 2 nyumbani akaweka 2 kwenye mashine ya safari hajaweka kitu kilekile. Kwa wengi mpulizo unatosha, kwa sababu hewa inayofika ndani kabisa ya mapafu ni ile ya mwanzo wa pumzi. Kwa wengine hautoshi, na hao huhitaji mashine yenye mkondo usiokatika, ambayo ni nzito zaidi na hula betri haraka.

Njia ya kujua ni moja: upimwe ukiwa umevaa mashine ileile utakayosafiri nayo, umeketi, kisha ukitembea. Mama alipoketi kwenye ngazi ya 2 kipimo kilisoma 93, sote tukafurahi. Muuguzi akamwambia atembee hadi mwisho wa korido na kurudi. Alirudi akiwa na 86, na vidole vimeanza kuwa baridi. Daktari akapandisha hadi ngazi ya 3. Badiliko la namba moja tu, lakini lilivuruga hesabu yetu yote ya betri, kama utakavyoona mbele.

Usiondoke kwa daktari bila kuandikiwa haya: ngazi utakayotumia ukiwa ndani ya ndege, ngazi ya ukiwa chini, ngazi ya usingizini, na kipimo cha kidoleni ambacho ukikifikia inabidi uchukue hatua. Muulize pia kama wewe ni miongoni mwa wagonjwa ambao kaboni dayoksaidi hujikusanya mwilini. Kama ndivyo, kujipandishia oksijeni kiholela kunaweza kukudhuru, kwa hiyo lazima ujue mpaka wako.

Hatua ya 2: Hakikisha mashine inaruhusiwa ndani ya ndege

Geuza mashine utazame chini au mgongoni. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, tangu 2016 inataka mashine mpya ziwe na lebo ya maandishi mekundu inayoeleza kuwa mtengenezaji amethibitisha zinafaa kutumika ndani ya ndege. Mashirika ya nchi nyingine nayo huiangalia lebo hiyo. Mashine za zamani zilizokuwa kwenye orodha ya FAA kabla ya hapo zinaweza kukosa lebo na bado zikaruhusiwa, ila itabidi jina na modeli viwe vinatajwa kwenye orodha ya shirika lako. Piga picha ya lebo uihifadhi kwenye simu, ili usilazimike kuipindua mashine kaunta ikiwa inafanya kazi.

Unakodi? Uliza umri wa betri kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Hatua ya 3: Zungumza na shirika la ndege, na uandike kila ulichoambiwa

Piga simu mara tu unapokata tiketi, tena si chini ya saa 48 kabla ya safari. Mashirika ya Marekani, pamoja na ya kigeni yanayoruka kwenda au kutoka Marekani, yanalazimika kisheria kukuruhusu utumie mashine iliyothibitishwa. Nayo yana haki ya kudai taarifa ya saa 48, barua ya daktari, ufike mapema, na uwe na betri za kutosha. Kwingineko kila shirika lina utaratibu wake, na mengi yana fomu ya afya ambayo daktari hujaza upande mmoja na wewe mwingine. Omba fomu yao wenyewe. Barua nzuri iliyoandikwa kwenye karatasi ya hospitali inaweza kukataliwa kwa sababu tu haiko kwenye fomu.

Kama tiketi ina ndege mbili za mashirika mawili, ongea na yote mawili. Anayekuhusu ni yule mwenye ndege utakayopanda, si yule aliyekuuzia tiketi. Tuliwahi kufika kwenye ndege ya pili tukakuta hawana taarifa yoyote juu ya mashine, ingawa shirika la kwanza lilituhakikishia kuwa limewaarifu. Tulisimama pembeni ya foleni dakika arobaini, mashine ikila betri. Tangu siku ile naandika tarehe, saa, na jina la niliyezungumza naye, na naomba baruapepe ya kuthibitisha.

Kuhusu kiti: mtu anayetumia mashine hii hawekwi kwenye safu ya mlango wa dharura. Safu ya mbele kabisa nayo haifai, maana hakuna kiti mbele yako cha kuwekea mashine chini yake. Omba kiti cha dirishani, ili mrija usipite kwenye njia ya mtu anayetoka. Ikiwezekana chukua ndege ya moja kwa moja, hata kama saa zake si nzuri. Na omba kiti cha magurudumu uwanjani, hata kama unatembea vizuri. Umbali wa kutoka kaunta hadi geti huwashangaza hata wazima.

Hatua ya 4: Hesabu betri

Hapa ndipo safari inapofanikiwa au kuharibika, kwa hiyo chukua karatasi.

Kanuni inayotumiwa sana, na ambayo mashirika yanaweza kukudai, ni uwe na betri za kutosha asilimia 150 ya muda wa safari ya angani. Safari ya saa 7 inahitaji betri za saa 10 na nusu. Lakini usiishie hapo, kwa sababu unapumua pia ndani ya gari, kwenye foleni, kwenye sebule ya kusubiria, na unaposubiri mizigo. Andika saa zote, kuanzia unapofunga mlango wa nyumbani hadi unapofungua mlango wa unakokwenda. Yetu ilikuwa hivi: saa 1 na nusu barabarani, saa 3 uwanjani, saa 7 angani, saa 1 na nusu kutoka na kufika. Jumla 13.

Sasa betri. Kijitabu cha mashine ya Mama kilisema betri moja inakaa saa 4 na nusu. Ni kweli, kwenye ngazi ya 2. Kwenye ngazi ya 3 aliyopangiwa inakaa saa 3. Tukazijaribu zote nne moja moja, kwa saa ya ukutani, mashine ikiwa mwilini mwake na si mezani, kwa sababu mpulizo hufuata pumzi na anayepumua haraka anaimaliza haraka. Tatu zilifika saa 3. Ya nne, ambayo ndiyo ya kwanza kununuliwa, ilizima baada ya saa 2 na dakika chache. Jumla saa 11. Kwa kanuni ya ndege tulikuwa tumepita, lakini kwa saa 13 za maisha halisi tulikuwa tumepungukiwa. Tukanunua ya tano. Kisha nikaziandika namba kwa kalamu ya wino mzito, 1 hadi 5, ile chovu ikawa namba 1 ili itumike barabarani ambako kuna chaja ya gari, na zile imara zibaki kwa ajili ya angani.

Usiihesabu soketi ya kwenye kiti cha ndege. Ndege nyingine hazina, nyingine zina umeme mdogo usiotosha mashine, na nyingine huzimwa wakati wa kupaa na kutua. Ukiipata ikafanya kazi, shukuru, lakini isiwe kwenye karatasi yako.

Betri za akiba zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Ni betri za lithiamu, na zikishika moto kule chini hakuna wa kuziona mapema. Ziba vituo vyake vya chuma kwa utepe, au weka kila moja kwenye mfuko wake. Soma pia namba ya Wh iliyoandikwa juu yake, yaani wati-saa, kipimo cha nishati ambayo betri inabeba. Chini ya 100 kwa kawaida hakuna tatizo. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika, na mwisho ni mbili za akiba. Zaidi ya hapo usihangaike kuibeba.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi ya safari nyumbani

Kaa kitini, si kitandani, saa kadhaa na mashine ikiwa miguuni. Kula. Lala. Kulala ndiko hasa kunakohitaji majaribio, kwa kuwa pumzi ya usingizini huwa nyepesi, na mashine ya mpulizo inaweza isiihisi. Anayelala mdomo wazi hukosa mipulizo mingi bila kujua. Mashine nyingi zikikosa pumzi kwa muda hutoa mlio wa tahadhari. Ujue mlio huo ukiwa nyumbani, uutofautishe na wa betri, na uutofautishe na ule unaosema usafi wa oksijeni umeshuka. Msindikizaji naye ajifunze, na abadilishe betri kwa mikono yake mara tatu au nne, mara moja akiwa amefumba macho, kwa sababu taa za ndege huzimwa usiku.

Angalia pia urefu wa mrija. Mashine za mpulizo nyingi zinataka mrija mfupi, mita 2 hivi. Ukiuongeza, mashine inachelewa kuihisi pumzi.

Hatua ya 6: Mkoba wa mkononi

Uwe mmoja, na usiachane nao. Chaja ya ukutani, waya wa gari, adapta ya plagi za unakokwenda, mirija miwili ya akiba, kipimo cha kidoleni, barua ya daktari nakala mbili, dawa zote pamoja na za kuvuta. Kwa pua iliyokauka tumia jeli ya maji. Mafuta mazito ya kupaka hayafai karibu na oksijeni kwa sababu ya moto.

Hatua ya 7: Uwanjani

Toka nyumbani betri zote zikiwa zimejaa. Ukifika, tafuta soketi ya ukutani kabla ya kutafuta kahawa. Kwenye ukaguzi sema mapema, kabla hujawekewa trei: natumia oksijeni, mashine hii ni ya tiba. Kama daktari anaruhusu uivue kwa dakika chache, itapita kwenye eksirei. Kama haruhusu, sema hivyo kwa utulivu na waonyeshe barua, wakukague ukiwa nayo. Fanya mambo polepole. Kuinua mikono, kuvua viatu, kuinama: kwa mgonjwa wa mapafu hayo ni kazi. Nenda chooni kabla ya kupanda, na upande mapema.

Hatua ya 8: Angani

Wakati ndege inatembea chini, inapaa na inatua, mashine inakaa chini ya kiti cha mbele, ikiwa imewashwa. Hakikisha matundu yake ya hewa yako wazi. Hili ndilo lililotupata: mhudumu alimletea Mama blanketi, likateleza likaifunika mashine. Haikuchukua muda ikaanza kulia na kupata moto. Nilikuwa nimesinzia. Mama akanigusa goti, akanionyesha chini kwa kidole bila kusema neno, akiokoa pumzi. Nilipoondoa blanketi, mlio ukakoma baada ya dakika kadhaa. Sasa ninaiegemeza upande wa ukuta wa ndege, matundu yakitazama mbali na ukuta, na blanketi linaishia magotini.

Badilisha betri kabla haijaisha. Sisi hubadilisha ikifika asilimia 15, akiwa ametulia, si wakati wa chakula wala anaporudi chooni. Ukienda chooni nenda na mashine, na uipandishe hadi ngazi ambayo daktari ameelekeza kwa kutembea, kisha uirudishe.

Pima kidoleni kila saa kwa saa za mwanzo. Mkono ukiwa baridi, au kucha zikiwa na rangi, namba inaweza kudanganya, na kwa wenye ngozi nyeusi kipimo wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo mtazame na mtu mwenyewe: midomo, kasi ya kupumua, kama anajibu maswali sawasawa. Namba ikishuka, fuata mpangilio: mrija umekaa puani, haujapindwa wala kukaliwa? Anapumua kwa pua? Betri? Matundu? Kisha ngazi, kwa mipaka ya daktari. Isipopanda, bonyeza kitufe umwite mhudumu mara moja, umwambie waziwazi: anakosa oksijeni. Ndege hubeba oksijeni kidogo ya dharura, lakini si ya kumhudumia mtu safari nzima.

Na barakoa za juu zikidondoka, vaa yako kama abiria wengine wote. Mashine yako imetengenezwa kwa kimo cha mita 3,000 hivi, na hewa ya ndege ikitoroka haiwezi kukusaidia.

Hatua ya 9: Ukifika, na kurudi

Panga mapema upate mashine kubwa ya kukaa nayo unakofikia, kwa kuwa kwa watu wengi ile ndogo si ya kutegemewa usiku na mchana. Ulizia kimo cha mji huo. Mji wa mita 2,000 ni kama hujashuka kwenye ndege, na daktari anapaswa kujua kabla.

Usiku wa kwanza chaji betri zote, hata zile ambazo hazikuguswa. Kisha piga simu tena kwa shirika, saa 48 kabla ya kurudi. Taarifa uliyotoa wakati wa kwenda mara nyingi haiihusu ndege ya kurudi, na wahudumu watakaokupokea siku hiyo ni wengine kabisa.